Picha ya Mchumba na Picha ya Mke: Uislamu Wasemaje?

Ndugu msomaji, liko swali ambalo vijana wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa huliuliza kwa sauti ya chini, na aghalabu huliuliza baada ya kutanguliza maswali mengine mawili matatu. Kijana huanza kwa kuuliza habari za kufa kwake Nabii Isa a.s., kisha huuliza dalili za kuja kwa Masihi Aliyeahidiwa a.s., na mwisho, wakati wa kuagana, hulitoa lile lililomleta: Je, ni halali mtu kuwa na picha ya mchumba wake? Na mume aliye safarini akimtaka mkewe ampelekee picha ya faraghani, je, mke hupata dhambi akipeleka, au hupata dhambi akikataa? Wasichana nao huuliza, ila wao hupenda kuandika barua.

Swali hili si la upuuzi, wala aulizaye asifukuzwe kwa kukemewa. Simu yenye kamera imeingia katika kila nyumba, kuanzia Kyela mjini na Ipinda hata Matema chini ya milima ya Livingstone, na mpaka Kasumulu tunakopakana na ndugu zetu wa Malawi. Jambo ambalo zamani lilihitaji kamera, filamu, na mtu wa kuisafisha filamu hiyo, leo hufanywa chumbani kwa kidole kimoja. Na machozi yanayotokana na jambo hilo tunayaona. Kwa hiyo yatupasa kulijibu kwa Kurani Tukufu, kwa mwendo wa Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w., na kwa maelezo ya yule aliyetumwa na Mungu katika zama hizi awe mwamuzi wa haki.

Kwanza tuiondoe shaka moja. Wako watu wasemao kwamba picha yo yote ni haramu, na kwamba aliyepigwa picha na aliyepiga wote wako motoni. Hao hushika Hadithi zinazowalaumu watengenezaji wa sanamu na picha. Hadithi hizo zipo, nasi hatuzikatai. Imepokewa pia kwamba Bibi Aisha r.a. alitundika pazia lenye picha nyumbani mwake, naye Mtume s.a.w. akachukizwa nalo, ndipo akalikata na kulifanya mito ya kuegemea. Lakini tazama vema: nguo ile ile yenye picha iliendelea kutumika nyumbani. Kilichoondolewa ni kule kutundikwa kwake mbele ya macho ya watu, mahali ambapo kitu hupata heshima. Waarabu wa wakati ule walikuwa wametoka jana tu katika kuyasujudia masanamu, na tabibu mwema humkataza mgonjwa hata chakula kizuri mpaka apone.

Seyyidna Ahmad a.s. wa Qadian, ambaye ndiye Masihi Aliyeahidiwa, alilieleza jambo hili katika nyongeza ya sehemu ya tano ya kitabu chake Barahin-i-Ahmadiyya, kilichochapishwa mwaka 1908. Yeye mwenyewe alipigwa picha. Aliruhusu hivyo kwa kuwa watu wa Ulaya na Marekani waliokuwa mbali, wasioweza kufika Qadian, walitaka kuuona uso wa mtu adaiye kuwa ametumwa na Mungu, na wengi wao wana ujuzi wa kumpima mtu kwa uso wake kama ni mkweli au mwongo. Lakini papo hapo alichukizwa sana na mtu kuiweka picha yake kwa namna ya waabudu masanamu, au kuifanya biashara. Akaeleza kwamba kazi hufuata nia. Akakumbusha kuwa Kurani Tukufu yataja sanamu zilizotengenezwa kwa ajili ya Nabii Suleimani a.s. (34:14), na kwamba kupiga picha ni ujuzi wenye manufaa, hata waganga hupata msaada kwao katika kuyajua maradhi. (Msomaji mgeni akumbuke kuwa sisi huihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya sura. Basi akitazama msahafu mwingine aitafute aya hiyo nambari moja nyuma.)

Na katika hoja zake amo Bibi Aisha r.a. tena. Imo katika Bukhari kwamba Mtume s.a.w. alimwambia mkewe huyo kuwa, kabla ya kumwoa, alioneshwa sura yake katika ndoto, si mara moja, imefunikwa katika kitambaa cha hariri. Akaambiwa kuwa huyu ndiye mke wako. Alipokifunua kitambaa akaona ni yeye, akasema moyoni kwamba ikiwa jambo hili latoka kwa Mwenyezi Mungu, basi Yeye Mwenyewe atalitimiza.

Nataka tukae kidogo juu ya Hadithi hii, maana wengi huipita upesi. Hapa pana mwanamume, na pana sura ya mwanamke atakayekuwa mkewe. Sura hiyo haikuletwa wazi, bali ililetwa ndani ya hariri. Aliyeileta alikuwa mwaminifu wa Mungu. Aliyefunuliwa alikuwa mtu mmoja tu, yule mwenye haki. Wala baada ya kuiona hakwenda kuwaonesha masahaba, akajisifu kwao. Alilirudisha jambo lote kwa Mungu akangoja. Sifikiri kwamba kijana ye yote wa leo atapata kipimo kilicho bora kuliko hicho cha kuipimia picha iliyomo katika simu yake: Imefunikwa na nini? Imeletwa na nani? Inaonwa na wangapi? Na aionapo, je, humwelekea Mungu, au huwaelekea rafiki zake?

Basi picha kwa nafsi yake si haramu. Mtu ahitaji picha kwa hati ya kusafiria, kwa kitambulisho, kwa ukumbusho wa wazazi wake. Tatizo haliko katika kioo cha kamera. Liko katika lile linalopigwa, na katika njia linakopita.

Historia ya mwambao huu yenyewe yatufundisha. Miaka ya mwisho ya karne ya 19, Wajerumani walipokuwa wamejenga kituo chao cha Langenburg karibu na ziwa, alikuja huku daktari wa kijeshi aliyeitwa Friedrich Fülleborn. Aliwapiga picha watu wengi wa nchi za Nyasa na Ruvuma, na mwaka 1906 akatoa Berlin kitabu kikubwa juu ya nchi hizo na watu wake. Picha za namna hiyo zilipigwa kwa ajili ya elimu iliyoupima mwili wa Mwafrika kama mtu apimavyo ng'ombe mnadani: mbele, ubavuni, nyuma. Babu na bibi zetu waliosimama mbele ya vyombo vile hawakujua kwamba nyuso na miili yao itatazamwa na wageni katika maktaba za ng'ambo zaidi ya miaka mia moja baada yao. Leo twaona jambo lile ni la kudhalilisha, na twasema kweli. Lakini yule kijana amwambiaye mchumba wake avue kanga na asimame mbele ya simu, yeye amtofautisheje na ng'ombe wa mnadani? Fülleborn angalau alikuwa mgeni.

Baadaye wanaume wa Kinyakyusa walikwenda kutafuta kazi mbali, wengine Lupa kwenye dhahabu ya Chunya, wengine katika migodi ya shaba ya nchi iitwayo sasa Zambia, wengine Afrika ya Kusini. Mtu angeweza kukaa miaka bila kumwona mkewe. Ikiwa alibahatika kuwa na picha yake, ilikuwa picha ya studio: mke amekaa kitini, amevaa vazi lake la sikukuu, pengine na mtoto mapajani. Picha ile aliiweka sandukuni, akaitazama jioni, ikamkumbusha kwamba ana nyumba na kwamba iko siku ya kurudi. Ni nani atakayesema kwamba picha hiyo ilimharibu? Iliilinda ndoa yake. Kwa hiyo nawaambia wanaouliza: mume kuwa na picha ya mkewe iliyo ya heshima, ni jambo jema, na lina mapenzi ndani yake. Mwenyezi Mungu amesema kwamba ametuumbia wenzi wetu ili tupate utulivu kwao, akatia mapenzi na huruma kati yetu (30:22). Uislamu si dini ya kuona haya kwa mapenzi ya mume na mke.

Sasa tuje kwa mchumba, maana hapo ndipo vijana wengi huangukia.

Wengi wa ndugu waulizao wametoka katika makanisa ya Moravian na Kilutheri, ambayo wamishonari wake walifika huku mwaka 1891. Wanalijua neno la Injili juu ya mtu atazamaye mwanamke kwa kumtamani (Mathayo 5:28). Seyyidna Ahmad a.s., katika hotuba yake mashuhuri iliyosomwa Lahore mwezi wa Desemba 1896, ambayo sisi twaiita Falsafa ya Mafundisho ya Kiislamu, alionesha tofauti iliyopo. Injili yamkataza mtu asitazame kwa tamaa, lakini yamwacha huru atazame kwa nia safi, kama kwamba mtu anaweza kuuamrisha moyo wake katikati ya njia. Kurani Tukufu yakata mzizi mapema zaidi. Yawaambia wanaume waumini wainamishe macho yao, na wanawake waumini vivyo hivyo (24:31-32), kabla tamaa haijazaliwa. Tena haisemi tu kwamba tusizini, bali yasema tusiikaribie zinaa (17:33).

Basi fikiri: ikiwa jicho la mwanamume latakiwa kuinamishwa mbele ya mwanamke apitaye njiani naye amevaa nguo zake zote, je, itakuwaje kwa picha ya mwili wake ambayo aweza kuitazama usiku kucha, mara mia, bila mtu kumwona? Mwanamke apitaye njiani hupita. Picha haipiti. Na mchumba, ndugu yangu, si mke. Posa ni ahadi, na ahadi nyingi huvunjika. Hata mahari yakiwa yamekwisha kulipwa nusu, na ng'ombe wamekwisha kuhesabiwa, maadamu nikaha haijafungwa yeye bado ni binti wa watu.

Mtu atasema: Je, nioe nisiyemjua sura? La, Uislamu haukutaka hivyo. Mughira bin Shu'ba r.a. alipoposa, Mtume s.a.w. alimwagiza amtazame kwanza mwanamke huyo, kwa kuwa jambo hilo lingeleta mapatano baina yao. Kwa hiyo mwende nyumbani kwa wazazi wake, umwone wakiwapo watu wake, useme naye, yeye pia akuone na akupime, maana naye anayo haki hiyo hiyo. Na mkiwa mbali, wewe Dar es Salaam naye Ipinda, basi wazazi au walii wapelekeane picha ya uso na vazi la heshima, kama desturi ya watu wengi ilivyo, na jambo lisipopatana picha irudishwe au ifutwe. Hiyo yatosha kabisa kwa ajili ya kuoa. Lililozidi hapo si kwa ajili ya kuoa.

Binti yangu usomaye haya, wako watakaokuambia kwamba picha hiyo ni uthibitisho wa upendo. Lipime neno hilo. Mtu akupendaye hutafuta jambo la kukulinda, wala hatafuti kitu ambacho kikipotea kitakuangamiza wewe peke yako, naye asidhurike. Akikuambia kuwa ukikataa atakuacha, basi amekwisha kukueleza thamani yako machoni pake, na amekueleza bure, kabla ya gharama kubwa. Mshukuru Mungu umwache aende.

Sasa mume na mke. Hapa sheria ni nyingine, wala tusiwabebeshe watu mzigo ambao Mungu hakuwabebesha. Kati ya mume na mke halali hapana sitara. Kurani Tukufu yasema kwamba wao ni vazi kwenu nanyi ni vazi kwao (2:188). Kutazamana kwao ni halali. Kwa hiyo baadhi ya watu husema: kama kutazama ni halali, basi na picha ni halali, maana picha ni kutazama tu.

Jibu langu ni kwamba picha si kutazama tu. Jicho likiisha kutazama halibaki na kitu ambacho mwizi aweza kukiiba. Picha ya simu ni kitu, nacho kina safari yake. Mke huipeleka kutoka Kyela, mumewe huipokea Mbeya au Johannesburg. Yeye adhani iko mahali pawili. Kumbe simu nyingi zimewekwa ili kila picha ijinakili yenyewe katika hifadhi ya kampuni iliyo ng'ambo, na akaunti hiyo pengine imefunguliwa pia katika simu ya mtoto au katika kompyuta ya kazini. Simu huharibika kioo ikapelekwa kwa fundi, ikaachwa kwake siku mbili ikiwa haina neno la siri. Simu huuzwa mnadani siku za shida. Simu huibiwa ndani ya basi. Hata iliyofutwa yaweza kurudishwa na mjuzi. Wenyeji wa mpakani wanaujua Mto Songwe, jinsi unavyohama mkondo wake wakati wa masika, na mtu aliyelala na shamba lake upande huu akaamka kulikuta upande wa pili. Hakuliuza, wala hakumpa mtu. Mto tu umehama.

Na vazi maana yake ni nini, isipokuwa kitu kinachositiri? Mume atakayeiweka aibu ya mkewe mahali ambapo wengine waweza kuiona, huyo ameacha kuwa vazi. Imo katika Sahihi Muslim kwamba mtu wa cheo kibaya kabisa mbele ya Mungu siku ya Kiyama ni yule aingiaye faraghani na mkewe, kisha akaitangaza siri yake. Masahaba waliosikia neno hilo walikuwa na ndimi tu za kutangazia. Na tazama jinsi Mwenyezi Mungu alivyouweka mlango wa chumba: hata watumishi na watoto wadogo wa nyumba ile ile wameamriwa kuomba ruhusa katika nyakati tatu (24:59), kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wavuapo nguo, na baada ya sala ya Isha. Ikiwa mtoto wa tumbo lako haruhusiwi kuingia ghafula, utawezaje kukiacha chumba hicho wazi mfukoni?

Kwa hiyo sisemi kuwa mke amefanya zinaa akimpelekea mumewe picha ya faraghani. Asemaye hivyo amezidisha. Nasema kwamba ni kuihatarisha amana, na kwamba mume mwenye busara haombi. Akiomba na mke asipende, mke hana dhambi akikataa. Utii wa mke kwa mumewe ni katika mema, naye amesifiwa kwa kuyahifadhi yaliyositirika (4:35). Kukataa kwake ndiko kuhifadhi. Mume naye asinune wala asitishie, bali amkumbuke Mungu aliyemwamuru kuishi na mkewe kwa wema (4:20). Nao walio mbalimbali kwa sababu ya kazi, dawa yao si picha. Dawa ni mume kujitahidi amwite mkewe, au afupishe safari. Senti aitumiayo kununulia simu kubwa ingeweza kulipia nauli ya basi.

Watu wa Kyela wana jambo moja ambalo ningependa wenzao wa mikoa mingine walijue. Katika mila ya Wanyakyusa, iliyoandikwa hata na Monica Wilson aliyekaa nao miaka ya 1930, mke wa kijana alijiepusha kabisa na baba mkwe wake: asimtazame, asikutane naye njiani, asilitaje hata jina lake. Leo wengi wameilegeza mila hiyo, na Uislamu haukuifaradhisha kwa ukali wake wote, kwa maana baba mkwe ni maharimu. Lakini haya iliyokuwamo ndani yake ni mali. Sasa basi, mkamwana ambaye mama yake alikuwa akikimbilia migombani amwonapo baba mkwe, picha yake inapita katika kundi la WhatsApp la kijiji, na baba mkwe anayo simu. Imetokea zaidi ya mara moja katika nchi yetu kwamba wazee wa familia ndio waliotangulia kuiona. Sijui neno la Kiswahili linalotosha kuieleza fedheha ya siku hiyo.

Hili latuleta kwa wale ambao maji yamekwisha kumwagika, nao wanatuandikia. Msichana amepeleka picha akiwa na umri wa miaka 19. Uchumba umevunjika. Sasa yule mwanamume adai fedha, au adai arudiwe, la sivyo ataisambaza. Msichana halali usingizi, na shetani amnong'oneza kwamba afadhali ziwa.

Dada yangu, usimsikilize shetani. Kosa lako lina mlango wa toba, nao ni mpana kuliko ziwa hilo. Kisha fanya haya. Usimlipe, kwa kuwa alipwaye mara moja hurudi. Usiufute ujumbe wake wa vitisho, kwa sababu huo ndio ushahidi wako. Mwambie mtu mmoja mwaminifu wa kwenu, mama au shangazi au kaka mwenye akili, kisha nendeni pamoja kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeharamisha kusambaza picha za ngono kwa mtandao, na adhabu yake ni faini ya mamilioni ya shilingi au kifungo cha miaka, au vyote viwili. Ina pia kifungu chake cha pekee kwa picha za watoto. Serikali katika jambo hili inasaidia lile ambalo dini imeamuru, nasi yatupasa kuitumia.

Nawe baba mwenye nyumba, usimpige. Najua hasira yako. Lakini ukimpiga binti yako umemsaidia yule mwovu kazi yake, na kesho binti mwingine akitishiwa hatakuja kwa baba yake, bali atakwenda kulipa.

Na wewe uliyeipokea picha hiyo simuni mwako, ambaye waona kwamba huna hatia kwa kuwa hukuipiga wewe! Kurani Tukufu yawatishia adhabu chungu, katika dunia na Akhera, wale wanaopenda uchafu uenee kati ya waumini (24:20). Haikusema waliouanza tu, imesema wanaopenda uenee. Basi usiitazame, usiipeleke, usiulize ni binti wa nani. Ifute, kisha umwambie aliyekuletea kwamba asirudie. Mtume s.a.w. ameahidi kwamba amsitiriye Mwislamu, Mungu atamsitiri.

Tena siku hizi hujui kwa hakika kama ni yeye. Kompyuta zenye akili mnemba zaweza kuuchukua uso wa binti mwenye hijabu, kutoka picha ya harusi ya ndugu yake, zikaubandika juu ya mwili usio wake, na jicho lisigundue. Miaka 1400 iliyopita Mwenyezi Mungu alitaka mashahidi wanne kwa mtu amsingiziaye mwanamke mtakatifu, na asiyewaleta apigwe bakora, na ushahidi wake usikubaliwe tena (24:5). Watu waliicheka hesabu hiyo wakasema ni ngumu mno. Leo hekima yake inaonekana wazi, maana picha moja haina hata nguvu ya shahidi mmoja.

Aya hiyo, ndugu msomaji, ni ya sura ile ile iliyomtakasa Bibi Aisha r.a. (24:12). Ndiye yule yule ambaye sura yake ililetwa katika hariri. Alipochelewa nyuma ya msafara, na Safwan r.a. akamrudisha juu ya ngamia wake, wanafiki walipata la kusema, na kwa muda wa mwezi mzima habari ikapita mdomo kwa mdomo katika Madina. Hapakuwa na simu, hata hivyo ilifika kila nyumba. Aisha r.a. alilia mpaka akadhani ini lake litapasuka. Waumini wengine waliikataa mara moja. Abu Ayyub r.a. na mkewe walipoulizana, walijibizana kwamba wao wenyewe wasingeweza kufanya jambo kama hilo, na Aisha ni bora kuliko wao. Wengine waliteleza wakalipitisha neno. Mmoja wao alikuwa Mistah, fukara, aliyelishwa kwa mali ya Abu Bakr r.a., baba yake Aisha. Mtu wa ukoo wake mwenyewe, anayekula chakula chake, akaichafua heshima ya binti yake!

Ushahidi wa Mungu uliposhuka, Mistah akapigwa bakora pamoja na wenzake, na Abu Bakr r.a. akaapa kwamba hatampa tena kitu. Hapo ikateremka aya nyingine, ikiwataka wenye wasaa wasiape kuwanyima jamaa na masikini, bali wasamehe na waachilie: je, wao hawapendi Mungu awasamehe? (24:23). Abu Bakr r.a. akasema kwamba yeye apenda, akamrudishia Mistah posho yake, na akaahidi kutoikata tena.

Basi pima. Ikiwa aliyesambaza neno la uongo juu ya mama wa waumini, baada ya kuadhibiwa, alirudishiwa chakula chake, huyu binti wa Ipinda aliyedanganywa, akalia, akatubu, ni nani aliyewapa watu haki ya kumnyima mume? Vijana wa Jamaat wapatapo habari zake wasijiulize ni wangapi waliiona picha. Waulize kwa wazazi wake kama amekwisha kuposwa.